Msomaji Amelipia Bando: Mwongozo kwa Anayeendesha Tovuti na Kurasa za Mitandaoni

Kama umekabidhiwa neno la siri la tovuti ya shule, zahanati, halmashauri, chama cha akiba na mikopo, redio ya mkoa au nyumba ya ibada, mwongozo huu ni wako. Ni wako pia kama unaendesha ukurasa wa Facebook, Instagram au kundi la WhatsApp la taasisi hiyo. Mara nyingi kazi zote hizo hufanywa na mtu mmoja, tena akiwa ameshamaliza ile aliyoajiriwa kwayo. Sitazungumzia nembo wala rangi. Nitamzungumzia mtu aliyeshika simu upande wa pili. Amenunua bando la siku, limebaki MB chache, na anatafuta jambo moja tu. Ada ni kiasi gani? Kliniki ya watoto ni siku gani? Jina langu limo? Akilipata upesi, umemhudumia. Asipolipata, ametumia fedha yake kwa ajili yako na ametoka mikono mitupu.

Ubao wa matangazo wa ofisini husomwa bure. Ukurasa wa intaneti, kwa wengi wetu, husomwa kwa malipo, na bei huipanga aliyeutengeneza bila kumwuliza anayelipa. Ukilishika hilo, maamuzi mengi yaliyobaki utayafanya mwenyewe bila mwongozo.

Anza na uzito

HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya kurasa duniani, unaonyesha kwamba ukurasa wa kawaida wa siku hizi una uzito unaozidi MB 2. Makala unayoisoma, ikiwekwa yote kama maandishi matupu, haifiki KB 20. Kinachojaza nafasi si maneno. Ni picha zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye kamera, video zinazojianzisha zenyewe, herufi za mapambo, na vipande vya programu vya kuonyesha matangazo ya biashara na kuhesabu wageni.

Picha ndizo za kushughulikia kwanza. Picha ya simu ya kawaida huwa na MB 3 au 4. Kabla ya kuipandisha, ipunguze upana hadi pikseli 1,200 hivi, kisha ihifadhi kwa mfumo wa JPEG wa ubora wa kati, au WebP. Itashuka hadi KB mia na kitu, na anayeitazama kwenye simu hataona tofauti. Ni kazi ya dakika moja, na sijui nyingine inayolipa haraka hivyo. Zile picha kubwa zinazopokezana juu ya ukurasa wa mwanzo, mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapanda mti, zihamishie kwenye ukurasa wake, anayezitaka azifuate huko. Video nayo isubiri kubonyezwa.

Usipime ukiwa ofisini kwenye Wi-Fi. Mwaka 2015 Facebook ilianzisha mpango wa kuwapa wafanyakazi wake nafasi ya kuonja, kwa saa moja kila Jumanne, mtandao wa kasi ya 2G, ili wajue programu yao inavyokwenda kwa watu wa nchi zenye mtandao hafifu. Wewe huhitaji mpango. Azima simu ya bei ya chini, zima Wi-Fi, ingia kwenye mipangilio uishushe simu hadi 3G au 2G, fungua tovuti yako, kisha subiri. Halafu ifungue tena kwa Opera Mini. Kivinjari hicho kina hali ya kubana ukurasa kwenye mitambo ya kampuni yake kabla ya kuuleta kwenye simu, na ndiyo sababu wengi wanaobana bando wanakitumia. Katika hali hiyo, menyu inayotegemea programu nyingi za kivinjari huweza kukataa kufunguka kabisa. Kama mtu hawezi kufika kwenye ada za shule kwa sababu menyu imegoma, weka kiungo cha ada waziwazi kwenye mwili wa ukurasa wa mwanzo.

Wepesi si unyonge. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania ni majedwali ya maandishi tu: orodha ya shule, unabonyeza shule, unaona namba za watahiniwa na alama zao. Hazina urembo, na hufunguka kwenye karibu simu yoyote yenye intaneti. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipoikaribia Florida, CNN na NPR ziliwaelekeza wasomaji kwenye kurasa zao za maandishi matupu, kwa sababu mtu aliye gizani mwenye chaji kidogo hahitaji kingine. Sisi hatungoji kimbunga. Kwa wasomaji wetu wengi, chaji kidogo na mtandao wa kusuasua ndiyo hali ya kila Jumatatu.

Picha ya barua si tangazo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo taasisi zetu zinapowaumiza wasomaji zaidi, na bila kukusudia. Taarifa kwa umma inaandikwa kwenye kompyuta, inachapwa, inasainiwa, inagongwa mhuri, inapigwa picha, kisha picha hiyo ndiyo inayopandishwa mtandaoni. Maandishi yalikuwepo tangu mwanzo, yakatupwa njiani.

Tazama anachopoteza msomaji. Barua ya ukubwa wa A4 kwenye skrini ya simu haisomeki bila kuivuta kwa vidole, kushoto, kulia, chini, juu. Akitaka kunakili namba ya akaunti au namba ya kumbukumbu ya malipo, hawezi kirahisi, anaiandika kwa mkono na kukosea tarakimu. Akiitafuta wiki ijayo ndani ya kundi la WhatsApp kwa kuandika neno "ada", haitokei. Na msomaji asiyeona, anayetumia TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, anategemea programu isome maandishi kwa sauti. Kwenye picha ya barua, mara nyingi programu husema kuna picha, au hubahatisha maneno mawili matatu. Mtu huyo ni mzazi kama wengine na mlipa kodi kama wengine, na tangazo lilimhusu.

Sababu ya kupiga picha barua naijua, na si ya kipuuzi: watu wanaogopa matangazo ya kughushi, na mhuri unaaminiwa. Lakini mhuri uliomo ndani ya picha hukatwa na kubandikwa kwenye barua nyingine na kijana yeyote mwenye simu. Kinachothibitisha tangazo ni mahali lilipo. Anwani zinazoishia na .go.tz zimetengwa kwa ajili ya serikali, na zinazoishia na .ac.tz kwa vyuo na taasisi za elimu ya juu. Tapeli hazipati kirahisi. Kwa hiyo weka tangazo kwa maandishi kwenye tovuti yako, na kila unapolisambaza kwingine andika anwani ya ukurasa huo. Picha ya barua iweke chini ya maandishi, kwa anayeihitaji kwenye faili lake.

PDF zina shida ya aina hiyohiyo. Kwa fomu ya kuchapa na kujaza kwa kalamu, PDF inafaa. Kwa orodha ya majina ya walioitwa kwenye usaili, au maelekezo ya kujiunga na kidato cha tano, ni mzigo: mtu anapakua faili zito ili asome mstari mmoja, na kama kurasa zimeskaniwa, hata kutafuta jina lake ndani haiwezekani. Uingereza, ambayo Oktoba 2012 ilizindua GOV.UK ili kukusanya huduma za serikali mahali pamoja, ilifika mwaka 2018 ikawaambia waandishi wake wazi kwamba taarifa ziandikwe kama kurasa za kawaida badala ya PDF. Orodha ndefu igawe kwa mikoa au kwa herufi, kila sehemu na ukurasa wake.

Picha halisi, ya ramani au ya bango, iandikie maelezo mbadala. Facebook, Instagram na X zote zina sehemu ya kuyaweka. Usiandike "picha ya bango". Andika kilichomo: nini, wapi, lini. Mwombe pia fundi wako wa tovuti aweke alama ya lugha, lang="sw", kwenye kurasa za Kiswahili; bila alama hiyo programu ya kusoma kwa sauti inaweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza hadi mtu asielewe. Na maandishi ya kijivu juu ya weupe yaache: miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Jaribu kuusoma ukurasa wako juani kituo cha daladala, utaelewa kwa nini.

Jambo kwanza, salamu baadaye

Uandishi wa kiofisi umetufundisha kuanza mbali. Tuseme zahanati inataka kutangaza upimaji wa macho. Tangazo litaanza hivi: "Uongozi wa zahanati kwa kushirikiana na wadau wake mbalimbali wa maendeleo unapenda kuwataarifu wananchi wote kuwa katika kuunga mkono jitihada za kuboresha huduma za afya…" Facebook na Instagram hukata maelezo marefu baada ya mistari michache na kuficha yaliyobaki. Kwa hiyo kinachoonekana ni wadau na jitihada, na macho yamefichwa.

Geuza. "Kupima macho bure. Jumamosi, 14 Juni 2025, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, kwenye zahanati yetu. Njoo na kitambulisho chochote. Miwani itauzwa, si ya bure." Mstari wa mwisho ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mwambie mtu mapema kitakachomgharimu, asifunge safari akitumaini asichoahidiwa. Baada ya hapo washukuru wadau kadiri upendavyo.

Saa nazo zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Ratiba nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zinageuzwa kwa mashine au kwa haraka, na 8:00 AM inakuwa "saa 8:00 asubuhi". Mzee anayesoma saa kwa Kiswahili anabaki anajiuliza kama ni saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Punguza mwenyewe saa sita, andika saa 2:00 asubuhi, na kila mara taja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Tarehe usiiandike kwa tarakimu tupu: 03/04 kwa mmoja ni Aprili, kwa mwingine ni Machi. Taja mwezi kwa jina na uweke mwaka. Maneno "kesho" na "Jumamosi hii" yaondoe kabisa, kwa sababu ujumbe husambazwa hata mwezi mzima baada ya kuandikwa, na hiyo "kesho" kila siku itaendelea kuwa kesho.

Kama wasomaji wako wako nje ya wilaya yako, wafikirie pia. Shilingi zipo Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo taja ni za wapi. Mkutano wa mtandaoni wa saa 1:00 usiku Dar es Salaam ni saa 12:00 jioni kwa aliye Kigali, Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi, na saa 2:00 usiku kwa aliye Muscat. Andika "saa za Afrika Mashariki" na wengi watajihesabia. Namba ya simu iandike kikamilifu, ikianza na +255 au +254. Namba za kupiga bure, kwa kawaida, hazifanyi kazi kwa aliye ughaibuni, na yeye ndiye mara nyingi anayemlipia mtoto ada.

Usiweke kila kitu kwa mwenye nyumba mmoja

Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Januari mwaka huohuo Uganda ilifunga mitandao ya kijamii kuelekea uchaguzi, kisha ikakata intaneti yenyewe kwa siku kadhaa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki ikabaki inasuasua. Taasisi ambayo kila kitu chake kiko kwenye ukurasa mmoja wa Facebook hupotea siku kama hizo. Weka asili ya kila tangazo kwenye tovuti yako, hata kama ina kurasa tano tu. Mitandao iwe njia za kumleta mtu hapo, au za kumpa muhtasari uliokamilika ili asilazimike kuja.

Nasema uliokamilika kwa makusudi. Maneno ya "kwa maelezo zaidi bonyeza kiungo" huku tangazo lenyewe halina tarehe wala mahali ni kumtumia msomaji kuongeza hesabu ya wageni wako. Kwenye Instagram ni vibaya zaidi, kwa kuwa kiungo ndani ya maelezo ya picha hakibonyezeki. Toa jambo lote palepale. Anayetaka kwa undani ataifuata tovuti.

WhatsApp ndiko tangazo lako litakakoishi maisha marefu, mbali na macho yako. Tangu Januari 2019 imepunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe unaweza kusambaziwa kwa mara moja hadi matano, lakini tano mara tano mara tano bado ni mji mzima. Huwezi kuzifuata nakala hizo uzifute. Kwa hiyo kila ujumbe ubebe ndani yake jina la taasisi, tarehe ya kutolewa na anwani ya ukurasa wenye asili. Ukibadilisha jambo, usitume tu lililo jipya, sema wazi: "Tangazo hili linafuta lile la 2 Juni 2025. Siku imebadilika, mahali ni palepale." Sauti iliyorekodiwa inawafaa wasiosoma vizuri, na wengi wanaipenda. Iwe fupi, na maandishi yake yaifuate.

Kisha wapo wenye simu za kitochi, na hao si wachache. Kwao andaa ujumbe wa SMS. SMS moja hubeba herufi 160, na Kiswahili kinaingia vizuri humo kwa kuwa hakina herufi za alama juu. Ila ukiweka emoji moja, au alama ya ritifaa katika neno kama ng'ombe ikawa ile iliyopinda ambayo kompyuta huibadilisha yenyewe, mfumo mzima huhamia kwenye hesabu nyingine na SMS hushuka hadi herufi 70. Ujumbe uliokuwa mmoja unakuwa mitatu, na taasisi inalipia mara tatu kwa kila mzazi. Andika kwa alama iliyonyooka.

Fomu, majina na anwani

Omba unachokihitaji tu. Fomu inayouliza namba ya kitambulisho cha taifa ili mtu apokee ratiba ya mazoezi ya kwaya haina haki ya kuuliza hivyo. Ikubali namba ya simu kwa namna zote, ikianza na 0 au +255, na isifute yaliyojazwa mtandao ukikatika. Orodha unazochapisha zisiwe na namba za simu, magonjwa wala madeni ya watu. Kenya na Uganda zimekuwa na sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Hata bila sheria, mwanafunzi anayedaiwa ada hastahili jina lake kutundikwa mbele ya dunia nzima.

Anwani ya ukurasa ikishatolewa, isibadilike. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti, aliwasihi watu hivyo tangu 1998. Kwetu anwani huchapwa kwenye fomu za kujiunga, hubandikwa ukutani, husomwa redioni. Ukihamia tovuti mpya, mwambie fundi aelekeze anwani za zamani kwenye mpya. Na kila ukurasa uonyeshe siku uliporekebishwa mara ya mwisho; ada za miaka mitatu iliyopita bila tarehe ni taarifa ya uongo hata kama zilikuwa kweli zilipoandikwa.

Mwulize anayesoma

Idadi ya waliopenda haikuambii kama mtu alipata alichokuja kukitafuta. Njia ya kujua ni kukaa naye. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Tafuta mama anayeuza sokoni, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, mwanafunzi, na mtu asiyeona anayetumia simu. Kila mmoja atumie simu yake mwenyewe, na bando mlipie wewe. Mpe kazi moja: "Tafuta ada ya muhula wa pili." Kisha nyamaza. Usimwelekeze, usimtetee mtengenezaji, andika tu anapokwama. Pale wawili wanapokwama mahali pamoja, ndipo pa kurekebisha kesho yake.

Maswali yanayoingia kwenye simu ya ofisi nayo ni hazina. Swali likiulizwa mara kwa mara, jibu lake halionekani kwenye ukurasa wako, au halipo. Liweke juu, kwa maneno yaleyale wanayoulizia watu, kwa sababu ndiyo watakayoandika wanapolitafuta mtandaoni.

Wiki hii chukua tangazo moja lililotoka ofisini kwako kama picha ya barua. Liandike upya kwa maandishi, jambo likiwa mstari wa kwanza, lenye tarehe kamili, saa ya Kiswahili, gharama na namba ya mtu atakayepokea simu. Liweke kwenye tovuti kabla ya kulipeleka kwingine kokote, kisha hakikisha simu hiyo inapokewa.